Mbio za nyika Makutano: Usimdharau namba nne

Kama umewahi kupita Makutano, Meru, alfajiri ya Jumamosi mwezi wa kumi, ukaona watu tisa wamevaa sweta za mitumba wakitimka kwenye tope kama wamefukuzwa na kanjo, usiulize. Ni sisi. Hatujaibia mtu. Ni msimu tu umefika.

Msimu gani? Hapo ndipo watu huchanganyikiwa. Ukisikia Wazungu wakiongea kuhusu mbio za vuli na za kipupwe, unawaza majani makavu yanaanguka, watu wamevaa glavu, pua nyekundu. Sisi hatuna hayo. Ukitoka Makutano, ushuke mjini, ushike barabara ya Nkubu, unavuka Ikweta kabla hujafika Nkubu. Theluji yetu iko huko juu Mlima Kenya, inatuangalia tu.

Lakini Kiswahili kilishatupatia vuli yetu kitambo. Vuli ni mvua. Ni ile inayoanza Oktoba na kutulowesha hadi Desemba, na huku upande wa mashariki wa mlima, wee, hainyeshi kwa aibu. Nayo kipupwe yetu ni Juni hadi Agosti, ukungu umelala barabarani na boda boda wamejifunga mashuka. Kwa hivyo Mzungu akikimbia kwa baridi mwezi wa kumi na moja, mimi nakimbia na kilo mbili za udongo mwekundu kwa kila kiatu. Kila mtu na vuli yake.

Mbona basi mbio zetu za nyika zinaanza mvua ikianza? Ni kalenda ya dunia. Kwa miaka mingi mashindano ya dunia ya mbio za nyika yalikuwa yakifanyika mwezi wa Machi, baridi ya huko kaskazini ikiisha. Ukirudi nyuma kutoka hapo, taifa lilikuwa likichagua timu mwanzo wa mwaka, kaunti na kanda zikichagua kabla ya taifa, na mikutano ya kufungua msimu ikaangukia Oktoba na Novemba. Tunafuata baridi ya watu wengine, tukiwa ndani ya mvua yetu.

Wengi wenu mtaani mnajua mbio za barabara. Mnajua marehemu Kelvin Kiptum alikimbia marathoni ya Chicago kwa saa 2:00:35 mnamo Oktoba 8, 2023. Mnajua Eliud Kipchoge na Vienna. Hiyo ni sawa. Lakini leo nataka tubonge kuhusu nyika, kwa sababu nyika ina kitu ambacho barabara haina. Nyika inahesabu watu ambao hakuna mtu anawaangalia.

Hesabu yenyewe inaenda hivi. Kwenye mashindano ya dunia, nchi inapeleka wakimbiaji sita kwenye mbio za wakubwa. Wa kwanza anapata pointi 1, wa kumi pointi 10, wa hamsini pointi 50. Unachukua wanne bora wa timu, unajumlisha. Timu yenye pointi chache ndiyo mshindi. Bas. Huwezi kuficha mtu mmoja mkali mbele na wengine watatu wakiwa wanatembea nyuma.

Kenya ilishinda taji la timu ya wanaume mara 18 mfululizo, kutoka 1986 hadi 2003. Ndiyo, John Ngugi alikuwa moto, akashinda ubingwa wa mtu binafsi mara tano. Paul Tergat naye akazoa tano mfululizo, 1995 hadi 1999. Lakini mataji 18 ya timu hayaletwi na mtu mmoja. Yaliletwa pia na akina namba nne, ambao wewe na mimi hatuwezi kuwataja majina hata tukipewa soda.

Au chukua Kampala, Machi 2017. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza wanawake wakubwa kukimbia kilomita 10 sawa na wanaume, baada ya miaka mingi ya kupewa umbali mfupi. Wakenya wakafanya maajabu: nafasi ya kwanza hadi ya sita, zote za Kenya. Irene Cheptai mbele. Moja jumlisha mbili jumlisha tatu jumlisha nne ni kumi. Haiwezekani kupata chini ya hapo. Na unajua nani alikuwa wa sita? Faith Kipyegon. Bingwa wa Olimpiki wa mita 1500, na nafasi yake haikuingia kwenye hesabu. Alikimbia tu hadi mwisho kama wengine.

Sasa nikuambie yangu.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili. Karo. Sitaki pole, wasee wengi mnaosoma hapa mnajua hiyo hadithi. Siku ya mtihani waliopaswa kuingia walikuwa wamebandikwa mlangoni, nikasoma ile karatasi juu hadi chini mara tatu, jina langu halimo. Nikarudi kejani Makutano, nikalala wiki mbili. Jirani yangu, kinyozi, ndiye alinitoa. Alinigongea saa kumi na moja asubuhi akaniambia, "Bro, ukishindwa kulala usiku, si ukimbie asubuhi?"

Mbogi ilikuwa ndogo. Kinyozi, jamaa wawili wa boda boda, mwalimu wa chekechea, muuza mitumba, wasichana watatu waliokuwa wamemaliza kidato cha nne, na mimi. Kocha ni mzee mmoja aliyekimbia zamani, tunamwita Mwalimu, anakuja na koti kubwa na saa ya mkononi, hana kingine. Jumanne tunafanya fatileki, dakika moja kasi, dakika moja pole. Alhamisi ni kilima. Jumamosi ni mbio ndefu. Msituni Imenti hatuingii gizani, kwa sababu ndovu hawana habari na ratiba yetu. Na kwenye lami tunakaa upande wa kulia, tukitazama magari, kwa sababu zile pikapu za miraa zikitoka Maua hazina breki ya huruma.

Msimu uliopita tukaingia mbio moja za nyika, timu ya wanaume. Wanne wa kwanza wanahesabiwa. Timu tatu bora zinapata kikombe na kitu kidogo cha mfukoni. Hicho kitu kidogo tulikuwa tumekipangia kazi tayari: nauli ya wasichana wetu kwenda mashindano ya wiki mbili baadaye. Tulikuwa tumechanga, ikabaki pengo, tukasema pengo litazibwa na miguu.

Kulikuwa na mvua. Raundi ya mwisho nilikuwa nafasi ya 31. Wenzangu watatu walikuwa mbele kabisa, siwaoni. Nikafika kilima cha mwisho, tope limefika kwenye fundo la mguu, kifua kinawaka. Na kichwa changu kikaniambia kitu, nakumbuka maneno yenyewe: "Kazi imeshafanywa na wakali. Wewe ni wa kujaza tu."

Nikatembea. Hatua kama ishirini hivi. Watu sita wakanipita.

Nikamaliza wa 37. Tukakaa chini ya mti, Mwalimu akatoa kalamu. Wa kwanza wetu alikuwa nafasi ya 9. Wa pili 17. Wa tatu 22. Mimi 37. Jumla 85. Timu iliyochukua nafasi ya tatu ilikuwa na 82.

Fanya hesabu mwenyewe. Ningebaki 31, tungekuwa na 79.

Hakuna aliyenipigia kelele. Hiyo ndiyo ilikuwa mbaya. Mwalimu alikunja karatasi akaiweka kwa koti, akasema, "Kijana wangu, ulidhani hatukuhesabu?" Kisha akaenda kutafuta chai. Kwenye matatu ya kurudi, yule msichana mdogo zaidi kwa mbogi, ambaye alikuwa akiniita bro tangu siku ya kwanza, alikaa kando yangu. Alikuwa amefanya mazoezi tangu Agosti kwa raba za kukopa. Hakukasirika. Aliniuliza tu, "Bro, sasa tutaenda na nini?"

Hawakuenda.

Nilitaka kuacha. Nilikuwa nimeshaacha kitu kimoja kikubwa maishani, kuacha cha pili ni rahisi. Kilichonirudisha ni video ya zile zile mbio za Kampala, 2017, safari hii upande wa wanaume. Joshua Cheptegei wa Uganda alikuwa anaongoza kwao nyumbani, watu wanapiga mayowe, raundi ya mwisho. Ghafla miguu ikakataa. Anayumba kama mlevi, Geoffrey Kamworor anampita, kisha wengine, kisha wengine. Alimaliza wa 30. Mwaka wa 2019, kule Aarhus, Denmark, alishinda taji hilo hilo. Baadaye akavunja rekodi za dunia za mita 5000 na 10,000, na Paris 2024 akachukua dhahabu ya mita 10,000.

Mimi si Cheptegei, tusidanganyane. Lakini niliirudia ile sehemu ya kuyumba mara nyingi. Mwili wake ulikuwa umekataa, na bado alijikokota hadi kwenye utepe. Wangu haukuwa umekataa. Mimi ndiye niliyekuwa nimekataa. Hiyo tofauti iliniuma wiki nzima, halafu Jumanne nikavaa raba.

Mwaka huu nimebadilisha vitu vichache, na kama uko Makutano yetu, au ile Makutano nyingine ya njiapanda ya kwenda Mwea na Embu, au popote penye kilima na mvua, unaweza kuiba.

Kwanza, usinunue viatu vya bei. Kwenye tope, kiatu chepesi cha mitumba chenye meno chini kinashinda raba mpya ya lami. Funga kamba mara mbili, kwa sababu tope linavua viatu.

Pili, anza polepole. Watu wengi huondoka kama wanakimbilia matatu ya mwisho, halafu raundi ya pili wanalipa deni na riba.

Tatu, fanyia mazoezi mahali ulipovunjika. Mimi sasa kila Alhamisi, kilima kikiisha na wengine wanakunywa maji, narudi nakipanda tena mara moja, peke yangu. Mwalimu hasemi kitu, lakini nimeona anasimamisha saa.

Nne, tafuta watu. Ukiwa peke yako, ukitembea hakuna anayepoteza isipokuwa wewe. Ukiwa na timu, hatua ishirini zako zinaweza kuwa nauli ya mtu.

Nauli ya wasichana ya msimu huu tuliianza mapema. Kinyozi anaweka kando pesa ya kichwa kimoja kila siku. Boda boda wanaweka tripu moja kila Jumapili. Mimi naweka kitu kidogo kila nikilipwa kwa makala, hata hii unayosoma. Yule msichana wa raba za kukopa sasa ana zake, na Jumamosi iliyopita alinipita kwenye kilima bila hata kunisalimu. Nilifurahi, halafu nikaongeza mwendo, kwa sababu hata furaha ina mipaka.

Mbio za kwanza ni karibu. Mimi bado ni namba nne. Nimejipima, wale watatu siwawezi, na sijali. Kinachonikosesha usingizi ni kitu kingine: hatuna namba tano. Nikiteguka mguu Ijumaa, hesabu ya timu imekufa kabla ya bunduki kulia.

Kwa hivyo ukiamka Jumamosi, saa kumi na moja na nusu, ukaona watu wamesimama pale stejini Makutano wakirukaruka kwa baridi, usipite. Hatukuulizi ulimaliza shule au hukumaliza. Hatukuulizi kasi yako. Njoo na sweta ambayo huipendi sana.

Na ukifika kwa kile kilima cha mwisho, ukaskia kichwa kikikuambia wewe ni wa kujaza tu, mimi nitakuwa hatua chache mbele yako au nyuma yako. Niite. Tutakipanda.