Saint Petersburg: Majumba Yaliyozaliwa Mara Mbili

Mlangoni mwa Kasri la Catherine, pale Tsarskoye Selo kusini mwa Saint Petersburg, kila mgeni huvaa vifuko vya nailoni juu ya viatu asije akakwaruza sakafu ya mbao. Baada ya hapo wengi huinua macho darini na hawayashushi tena hadi mlango wa kutokea. Hawana kosa. Rastrelli, msanifu mwenye asili ya Italia, alilijenga jumba hili miaka ya 1750 kwa amri ya Malkia Elizabeth, binti wa Peter Mkuu, na dhahabu haikuhesabiwa. Lakini kabla ya dhahabu, tafuta picha zisizo na rangi zilizowekwa vyumbani. Ni vyumba hivyohivyo mwaka 1944: paa limeanguka, kuta zimeungua, kifusi kimejaa.

Jeshi la Ujerumani liliingia hapa Septemba 1941 na kufukuzwa Januari 1944. Chumba cha Kaharabu, ambacho kuta zake zilikuwa zawadi ya mfalme wa Prussia kwa Peter mwaka 1716, kilibanduliwa kipande kwa kipande kikapelekwa Königsberg. Vita vilipokwisha kilikuwa kimetoweka, na wanaokisaka hawajakoma. Chumba unachokilipia kiingilio leo kilianza kutengenezwa mwaka 1979 na kufunguliwa 2003, mji ulipotimiza miaka 300. Mafundi walianza na picha za zamani na ufundi uliokuwa umesahauliwa, ikawalazimu kujifunza upya namna ya kuchonga kaharabu kwa ukubwa ule. Sehemu ya gharama ililipwa na kampuni ya gesi ya Ujerumani, na sijui kama kuna fidia ya ajabu kuliko hiyo.

Wapo wanaonung'unika kwamba basi wameuziwa bandia. Mimi siafikiani nao. Malkia alitoa amri tu. Kasri ni la waliochonga, na waliochonga safari ya pili walikuwa na kazi ngumu kuliko wa kwanza, maana hawakuruhusiwa kubuni chochote.

Ubavuni mwa kasri ipo Lyceum, shule iliyofunguliwa mwaka 1811, alikosoma mshairi Alexander Pushkin. Msafiri kutoka kwetu asipite hapa haraka. Baba wa babu yake Pushkin, upande wa mama, ni Abram Gannibal, mtoto wa Kiafrika aliyefikishwa Istanbul akiwa mateka, kisha akapelekwa kwa Peter Mkuu. Tsar alikuwa baba yake wa ubatizo, akampeleka Ufaransa kusomea uhandisi wa kijeshi, na Gannibal alifariki mwaka 1781 akiwa jenerali mstaafu. Wataalamu wangali wanabishana alizaliwa wapi: wengine hutaja Eritrea, wengine maeneo ya Cameroon ya leo.

Kasri la Peterhof linafikika kwa boti iendayo kasi kutoka katikati ya mji. Chemchemi zake hazina pampu. Maji hushuka yenyewe kutoka vilima vya mbali, na ile ya Samsoni hurusha maji mita 20 juu. Sanamu ya Samsoni yenyewe ni ya mwaka 1947, kwani ile ya awali ilitoweka vitani. Nenda kati ya Mei na Septemba, na uwe na fedha taslimu: tangu 2022 kadi za Visa na Mastercard za nje hazifanyi kazi Urusi.

Makumbusho ya Hermitage yana vitu zaidi ya milioni tatu, kwa hiyo usijitese kutaka kuyamaliza. Mwaka 1941 zaidi ya milioni moja vilipakiwa kwenye treni kwenda Sverdlovsk, fremu zikabaki ukutani tupu ili picha zipate pa kurudi. Wakati mji umezingirwa na watu wanakufa kwa njaa, mfanyakazi wa makumbusho, Pavel Gubchevsky, aliwazungusha askari kumbi hizo akiwaeleza kila picha isiyokuwapo.

Makanisa ni mengi; ukichoka, liache hata lile kubwa la Mtakatifu Isaac, lakini usiache la Mwokozi juu ya Damu, lililojengwa mahali Tsar Alexander wa Pili alipolipuliwa kwa bomu mwaka 1881. Ndani, kuta na dari zimefunikwa kwa zaidi ya mita za mraba 7,000 za mozaiki. Wasovieti waliligeuza ghala, likahifadhi hata viazi, na mwaka 1961 likakutwa kombora la vita limekwama kubani, halijalipuka. Ukarabati ulichukua miaka mingi mno, viunzi vikageuka sehemu ya mandhari ya mji, na wakazi wakawa wanataniana kwamba siku vitakapoondolewa, Umoja wa Kisovieti nao utaanguka. Viunzi viliondolewa mwaka 1991.