Dizeli Ikimwagika, Udongo Hukosa Pumzi

Ukishuka matatu Isinya, katika barabara iendayo Namanga, pita penye gereji za kando ya njia utazame chini. Utaona mabaka meusi, mahali fundi alipomwaga oili chafu. Mvua ikinyesha maji hayazami hapo. Hubaki juu kama umande kwenye jani la nduma.

Petroli, kwa kuwa ni nyepesi, nyingi huruka hewani. Dizeli na oili hubaki, zikaziba vitundu ambamo mizizi hupata hewa. Lakini, msomaji, udongo una walaji wake. Wamo bakteria wanaokula mafuta, mradi wapate maji, hewa, joto na naitrojeni. Karamu hiyo ina hasara yake pia: bakteria huzaana kwa wingi, wakaimaliza naitrojeni ambayo mahindi yangeitumia. Ndiyo sababu mmea wa hapo huwa manjano na kudumaa.

Kwenye baridi kali walaji hao huzubaa. Huko Antaktika, karibu na kituo cha Scott Base cha New Zealand, mafuta yaliyomwagika yamekutwa udongoni baada ya miongo kadhaa.

Isinya ina joto, ndiyo, lakini tusijidanganye. Udongo wake mweusi hupasuka wakati wa kiangazi, nyufa zikameza mkono, na dizeli hushuka humohumo. Masika ukifura, hewa haipiti. Nao ukame ukizidi, bakteria hulala.

Wakazi wa Thange, Kaunti ya Makueni, wanajua gharama yake. Mwaka 2015 mafuta yalivuja kutoka bomba la Kenya Pipeline, yakaingia mtoni, visimani na mashambani. Ilipofika Julai 2025 ndipo mahakama ilipoamuru walipwe shilingi bilioni 3.8.

Je, jerikeni ya dizeli ikipinduka uani kwako? Usimwagie maji wala sabuni. Utayasukuma mafuta chini zaidi. Nyunyiza vumbi la mbao, lizoe, uliweke mbali na moto. Kisha legeza udongo kwa jembe, changanya samadi iliyooza, lowesha kidogo na ugeuze kila wiki. Samadi huleta naitrojeni, na Umasaini haikosekani. Sukuma wiki isipandwe hapo kwa sasa.

Oili chafu ya gereji ni habari nyingine. Ina chembe za vyuma vilivyosagika ndani ya injini, na hizo hakuna bakteria azilaye.