Kabla hujapakia, uliza habari za tundu la injini

Mfanyabiashara anayepakia matunda kwenye jahazi kutoka Pemba kwenda Mombasa huuliza nauli, karatasi za forodha na siku ya kuondoka. Wachache huuliza habari za tundu lililo chini ya maji, karibu na injini.

Majahazi mengi ya zamani yalijengwa kwa tanga, injini ikaja baadaye. Ili injini ipoe, fundi alitoboa ubao, akapachika bomba na koki, na pampu ikawa inavuta maji ya bahari. Tundu hilo likizibwa na mwani, magamba au mfuko wa plastiki, injini huchemka. Kenya ilipiga marufuku mifuko hiyo Agosti 2017, Tanzania Bara Juni 2019, lakini iliyokwisha kutupwa bado inaelea pande zote mbili za mpaka.

Dalili huonekana ubavuni: maji yanayotemwa hupungua, kisha hutoka mvuke. Hapo injini huzimwa mara moja na tanga hutwekwa, maana mkondo wa Pemba una kina cha mamia ya mita na nanga haifiki chini.

Koki hufungwa kwanza, klipu ikalegezwa, mpira ukachomolewa. Nyundo na kizibo cha mti laini, kilichochongwa kama karoti, huwekwa karibu kabla koki haijafunguliwa tena. Mabaharia wanaoijua nguruzi hawahitaji kuelezwa sababu. Tundu la inchi moja, nusu mita chini ya maji, huingiza zaidi ya lita 50 kwa dakika. Maji yakiruka kwa nguvu, tundu li wazi. Kosa litafutwe kwenye chujio au pampu. Yakichuruzika tu, kijiti kinyoofu husukumwa mpaka uchafu utoke nje.

La kuogopwa zaidi ni koki kuukuu ya gurudumu. Shaba yake huliwa na chumvi kwa ndani huku nje ikionekana nzima, na ikilazimishwa hukatika. Hiyo isiguswe safarini. Bahari ikiwa shwari, baharia aliyefungwa kamba huzamia na kuondoa uchafu kwa nje. Koki yenyewe hubadilishwa maji yakipwa, chombo kikiwa kimekaa mchangani.

Mwenye mzigo anaweza kumwomba nahodha afunge na kufungua koki hiyo mbele yake, kisha amwonyeshe kizibo. Ikigoma kuzunguka, afadhali matunda yasubiri chombo kingine.