Gigabaiti Zisizokuwapo: Namna ya Kuokoa Kicheza Muziki Chenye Ujazo wa Uongo

Katika miji ya mpakani ya Busia na Malaba, ambako mkazi wa Mella katika wilaya ya Tororo huweza kununua bidhaa upande wa Kenya asubuhi na kurejea Uganda kabla jua halijatua, vicheza muziki vya mfukoni, memori kadi na flashi za redio huuzwa kwa bei ambayo mtu wa kipato kidogo anaimudu. Juu ya pakiti zake huandikwa tarakimu kubwa za gigabaiti, yaani kipimo cha wingi wa taarifa ambazo chombo kinaweza kuhifadhi, na baadhi ya tarakimu hizo ni za uongo. Chombo kilichoandikwa gigabaiti 32 huweza kuwa na 4 tu za kweli, na ubaya wa udanganyifu huu ni kwamba hauonekani siku ya kununua, kwa kuwa hata kompyuta inausadiki.

Ndani ya chombo cha aina hiyo mna chipu ya kumbukumbu ya flashi, teknolojia iliyobuniwa na Mjapani Fujio Masuoka katika kampuni ya Toshiba miaka ya 1980, ambayo hutunza taarifa hata umeme unapokatika. Pamoja nayo hufanya kazi kidhibiti, yaani sehemu inayopokea taarifa na kuamua zihifadhiwe wapi. Kompyuta haihesabu nafasi iliyopo. Huuliza kidhibiti na kuamini jibu lake. Mdanganyifu, basi, hana haja ya kuongeza kumbukumbu yoyote, bali hubadilisha programu ya kidhibiti ili kitaje ujazo mkubwa, kisha hubandika lebo inayolingana na uongo huo. Nyimbo zinapopita kiwango cha kweli, kidhibiti ama hutupa kila kinacholetwa, ama hurudi mwanzo na kuandika juu ya kilichokuwapo. Hali hii ya pili ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu mwanzoni mwa chombo ndipo lilipo jedwali la mafaili, yaani orodha inayoonyesha kila wimbo umehifadhiwa mahali gani. Jedwali hilo likiharibika, majina ya nyimbo hugeuka alama zisizosomeka, na hata nyimbo zilizokuwa salama hazipatikani tena.

Si kila upungufu ni wizi, hata hivyo. Watengenezaji huhesabu gigabaiti moja kuwa baiti bilioni 1, ilhali kompyuta nyingi huihesabu kuwa baiti 1,073,741,824, na kwa hiyo chombo halali cha gigabaiti 8 huonyesha takriban 7.4. Hesabu nyingine ya kumsaidia msomaji ni hii: wimbo wa MP3 wa dakika 4, uliorekodiwa kwa kilobiti 128 kwa sekunde, huchukua karibu megabaiti 4, hivyo gigabaiti 8 za kweli hubeba nyimbo zipatazo 2,000. Chombo kilichoandikwa 8 ambacho nyimbo zake huanza kunyamaza baada ya 250 kinaelekea kuwa na gigabaiti 1.

Kipimo cha uhakika ni kukijaza chombo chote kisha kukisoma upya. Kazi hiyo hufanywa na programu za bure kama H2testw, iliyoandikwa na Harald Bögeholz wa jarida la Kijerumani c't, na F3 ya Michel Machado, inayotumika zaidi kwenye Linux. Kabla ya kupima, nyimbo zote zinazosomeka hazina budi kunakiliwa kwenye kompyuta, maana kipimo chenyewe kinaweza kuandika juu yake. Nyimbo zilizokwisha kufutwa kwa njia hiyo hazirudi, na fundi anayeahidi kuzirudisha anastahili kutiliwa shaka. Wimbo wa redioni utapatikana kwingine, lakini sauti ya mzee aliyefariki, au ya kwaya iliyorekodiwa mara moja tu, haina pa kutafutwa.

Kukarabati hapa hakumaanishi kuongeza ujazo, bali kukilazimisha chombo kikiri ukubwa wake. Kwa memori kadi na flashi, fundi huunda kizigeu, yaani eneo lenye mwisho uliowekwa, kinachoishia pale kumbukumbu ya kweli inapoishia, jambo ambalo F3 hulifanya kwa amri yake ya f3fix, kisha eneo hilo hufomatiwa, yaani hutengenezewa jedwali jipya la mafaili, kwa mfumo wa FAT32. Kicheza muziki chenye kumbukumbu ya ndani kinahitaji uangalifu zaidi, kwa kuwa katika baadhi ya aina programu inayokiendesha imo katika chipu ileile ya nyimbo, na aina nyingi za bei nafuu hazisomi mfumo mwingine wa mafaili, NTFS, hivyo kukifomati vibaya huweza kukifanya chombo kizima kionekane kimekufa. Njia yenye hatari ndogo ni kukiacha bila kukiundia kizigeu kipya na kuweka nyimbo pungufu ya kiwango cha kweli. Anayebadilisha nyimbo afute zote, afomati, ndipo apakie upya, kwani kompyuta inayoongeza wimbo mmojammoja huweza kuusogeza mbele hadi kwenye eneo lisilokuwapo.

Sheria haimwachi mnunuzi peke yake. Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa mtumiaji haki ya bidhaa zenye ubora wa kuridhisha na ya kupewa taarifa anazohitaji, na Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya 2012 inakataza maelezo ya uongo kuhusu bidhaa. Uganda nayo ina sheria ya 2017 ya uuzaji wa bidhaa na utoaji wa huduma. Ugumu ni kwamba aliyenunua ng'ambo ya mpaka bila risiti hana cha kuonyesha, na kwa hiyo risiti inayotaja gigabaiti ina thamani kubwa kuliko pakiti.

Wauzaji wengi huenda hawajui wanachouza, lakini wao ndio wenye nafasi ya kujua. Kupima gigabaiti 64 kwa mwendo wa megabaiti 5 kwa sekunde huchukua zaidi ya saa tatu na nusu kwa kuandika pekee, muda ambao mnunuzi wa siku ya soko hana, ilhali kompyuta ya dukani inaweza kuifanya kazi hiyo usiku duka likiwa limefungwa. Wafanyabiashara wa Busia na Malaba wanaombwa wapime chombo kimoja katika kila katoni kabla ya kuwafungulia wateja katoni hiyo.