Nani Hupanga Bei ya Kutuma Fedha Busia?

Mkulima wa Kiyeyi, wilayani Tororo, apelekaye karanga zake Busia hukuta huko masoko mawili ya fedha. La kwanza ni lile tulilolizoea sote. Wabadilishaji fedha wamejipanga kandokando ya barabara ya mpakani, kila mmoja na vitita vyake vya Shilingi za Kenya na za Uganda, na asiyeridhika na bei ya huyu humwendea yule, hatua tano mbele. Soko la pili limo ndani ya simu, na humo hakuna kupatana. Ada ya kutuma na ya kutoa fedha imekwisha pangwa, nayo hulipwa kama ilivyo. Tena mwenye fedha kidogo hukatwa sehemu kubwa zaidi ya fedha zake kuliko tajiri.

Wengi hudhani kwamba kinachouzwa humo ni simu. Sivyo. Bidhaa yenyewe ni programu ya kompyuta, yaani daftari kubwa lisiloonekana, liandikalo kwamba fulani katoa na fulani kapokea. Yafaa tuielewe tabia ya bidhaa hii, kwa kuwa haifanani hata kidogo na saruji ya Tororo. Kila mfuko wa saruji huhitaji chokaa yake, moto wake na lori la kuuchukua. Programu hugharimu fedha nyingi kuitengeneza mara ya kwanza, lakini kumwongeza mtumiaji mmoja juu ya milioni waliopo ni karibu na bure. Kwa hiyo bei yake haifuati gharama. Hufuata jibu la swali moja tu: mnunuzi akiikataa, atakwenda wapi?

Swali hilo ndilo lililoifanya serikali ya Marekani iishitaki kampuni ya Microsoft mwaka 1998. Watu waliinunua programu yake kwa sababu programu nyingine zilitengenezwa zifanye kazi juu yake, na zilitengenezwa hivyo kwa sababu watu walikuwa nayo. Mzunguko wa Busia ni wa kindugu zaidi: wewe hujiunga na mtandao alimo shemeji yako, naye alijiunga kwa sababu wewe ulikuwamo.

Nchini Kenya, Safaricom ilianzisha M-Pesa mwezi Machi 2007, programu hiyo ikiwa mali ya Vodafone ya Uingereza, ambayo ililipwa ada ya matumizi mpaka Safaricom na Vodacom walipoinunua mwaka 2020. Faida ya kutangulia mtu ataistahili kwa jasho lake, wala hatumwonei mtu kijicho. Lakini kufuli halisi lilikuwa kwa wakala. Mikataba ilimkataza wakala wa M-Pesa kuhudumia mtandao mwingine, na mshindani, hata akija na ada nafuu, hakuwa na kibanda cha kusimama. Baada ya Airtel kulalamika, Mamlaka ya Ushindani ya Kenya iliusimamia mwaka 2014 mwisho wa katazo hilo. Aprili 2018 ndipo wateja wa mitandao mbalimbali ya Kenya walipoanza kutumiana fedha moja kwa moja, simu kwa simu.

Upande wa Uganda, ambako MTN ilianza huduma hiyo mwaka 2009, jambo lilifika mahakamani. Kampuni ndogo iitwayo EzeeMoney ilidai kwamba MTN iliwazuia mawakala na washirika wasifanye kazi nayo. Mwaka 2015 Mahakama ya Biashara mjini Kampala iliipa haki EzeeMoney, pamoja na fidia ya zaidi ya Shilingi bilioni mbili. Ni fedha nyingi. Lakini mteja aliyekwisha zoea kibanda kimoja hahamishwi na hukumu.

Wazee wa Budama hawahitaji kufundishwa maana ya ukiritimba. Walilima pamba katika enzi ya Bodi ya Pamba, iliyoundwa mwaka 1949, ambayo peke yake ndiyo iliyokuwa na haki ya kuiuza pamba iliyochambuliwa, mpaka mageuzi ya mwaka 1994. Tofauti ni kwamba ukiritimba ule ulijengwa na sheria, na sheria ikaubomoa. Huu wa programu hujengwa na mazoea yetu wenyewe, mtu baada ya mtu, na ndiyo maana M-Pesa imebaki na sehemu kubwa kabisa ya soko la Kenya hata baada ya milango kufunguliwa.

Wala serikali zisijitoe katika hesabu hii. Mwaka 2018 Uganda iliweka kodi ya asilimia 1 juu ya fedha za simu, na baada ya kelele za wananchi ikaipunguza hadi asilimia 0.5 kwa wanaotoa fedha. Kodi hiyo hukaa juu ya ada, na mlipaji ni yule yule.

Sheria ya ushindani ya Uganda ilitiwa saini mwaka 2024, na utekelezaji wake umewekwa mikononi mwa Wizara ya Biashara. Jumuiya ya Afrika Mashariki nayo inayo sheria yake ya ushindani tangu mwaka 2006. Kama tungeulizwa kazi ianzie wapi, tungesema ianzie mpakani penyewe. Mfanyabiashara mwenye laini mbili, moja ya kila nchi, mara nyingi hutoa fedha zake upande wa Kenya akalipa ada, akazibadili mkononi, akaziweka katika laini ya Uganda na kuzituma nyumbani kwa ada nyingine. Na aliyeko Kiyeyi akizitoa, hukatwa ada ya tatu, na kodi.