Takataka Zinapovuka Ua: Usafi wa Mji Wetu ni Deni la Haki



Tukipita asubuhi katika mitaa ya Ifakara tunaona nyua zimefagiliwa vizuri, alama za ufagio zikiwa bado mbichi mchangani. Lakini nyuma ya ua uleule mara nyingi tunakuta mfereji wa mvua umejaa chupa za plastiki, maganda na nepi. Hatuwezi basi kusema kwamba watu wetu hawajui usafi. Shida ni kwamba usafi wetu unaishia mpakani mwa kiwanja. Tunataka kueleza kwa nini mazoea hayo ni hatari kwa mji wetu, na kwa nini ni suala la dhamiri pia.

Ifakara si tena kijiji kikubwa cha wakulima wa mpunga. Reli ya TAZARA, biashara ya mchele, na Daraja la Magufuli lililozinduliwa mwaka 2018 juu ya mto Kilombero vimeuleta ulimwengu mlangoni petu. Zamani familia yenye eneo kubwa ilichimba shimo la taka, likijaa ikalifukia na kuchimba jingine. Leo wapangaji wengi wanaishi katika kiwanja kimoja kidogo. Shimo la taka, choo na kisima vimesogeleana, na hakuna tena mahali pa kuchimba upya.

Tukumbuke pia kwamba mji wetu umekaa bondeni. Maji ya ardhini yako karibu, na masika yakija mto Lumemo hufurika. Hapo maji hupanda, huingia katika mashimo ya vyoo vifupi, na kubeba uchafu hadi kwenye visima. Mfereji ulioziba kwa taka huongeza madhara, kwa maana maji yasiyopata njia huingia majumbani. Ndiyo sababu wataalamu hushauri kisima kiwe umbali wa mita 30 hivi kutoka chooni.

Haya si maneno ya kutishana. Mwaka 1997 kipindupindu kilishambulia Ifakara. Watafiti waliwachunguza wagonjwa 180 wa kwanza na kuwalinganisha na watu 360 wasiougua. Waligundua kwamba waliooga mtoni na walioishi mbali na chanzo cha maji walikuwa katika hatari kubwa zaidi. Kimelea cha kipindupindu kilipatikana katika chanzo kikuu cha maji cha mji na katika vinyesi vya wagonjwa, na vipimo vya vinasaba vilionyesha kuwa ni kilekile. Maana yake ni wazi: kilichotoka kwa mmoja kinaweza kuwafikia wote kwa njia ya maji. Mwenye kisima kirefu na mwenye kuchota mtoni hawaumii sawasawa. Maskini hutangulia kuumia.

Hapa ndipo imani inapotudai. Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 23, Waisraeli wanaagizwa kwenda nje ya kambi kujisaidia, kuchimba shimo na kufukia, kwa sababu Mungu anatembea katikati ya kambi yao. Usafi wa mahali pa wote unaunganishwa na uwepo wa Mungu. Naye Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, alifundisha kwamba kupata maji safi na salama ni haki ya msingi ya kila mwanadamu. Kwa hiyo anayemlipa kijana wa mkokoteni ili akamwage taka usiku kando ya mto asiseme kwamba amesafisha nyumba yake. Amehamishia mzigo wake kwa jirani, na jirani huyo ana watoto.

Wajibu huu una pande mbili. Halmashauri inapaswa kuzoa taka na kusafisha mifereji, na mamlaka ya maji inapaswa kufikisha maji ya bomba hata pembezoni. Hizo ni haki za wananchi, si fadhila. Kuuliza katika mkutano wa mtaa jinsi fedha za usafi zilivyotumika si utovu wa heshima. Lakini Katekisimu ya Kanisa Katoliki, kifungu cha 2240, inatufundisha kwamba kulipa kodi ni wajibu wa kimaadili. Anayekwepa ada ya taka huku akilalamikia uchafu anajipinga mwenyewe.

Tunaziomba Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo zifanye mambo matatu kabla ya masika. Kwanza, zitembelee visima na vyoo vya wanajumuiya, na kumsaidia mjane au mzee asiyeweza kujenga choo bora. Pili, zichague mfereji mmoja wa mtaa na kuuzibua pamoja na majirani wa dini zote, hasa Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Tatu, zikumbushane kuchemsha au kutibu maji ya kunywa, na kunawa mikono kwa sabuni.

Nasi mapadre tuanzie kwetu. Baada ya sherehe za Komunyo ya Kwanza, viwanja vya parokia hubaki na chupa na sahani za plastiki, na upepo huzipeleka kwa majirani. Tusihubiri juu ya mfereji wa mwingine kabla ya kuzoa vya kwetu.