Je, Wajua? Diski ya Muda Haidumu

Je, wajua kwamba mashine pepe ya Amazon EC2 ikiwashwa upya, data iliyo kwenye diski yake ya muda hubaki, lakini ikisimamishwa, data hiyo hupotea? Diski hiyo imo ndani ya seva inayoibeba mashine, na mashine iliyosimamishwa huenda ikaamkia kwenye seva nyingine.

Wanaojenga wingu lao kwa OpenStack huchagua wenyewe: diski ya muda ikae kwenye seva, au kwenye hifadhi ya pamoja kama Ceph. Mvuto wa Ceph unaeleweka. Seva ikifa, mashine huinuliwa kwingine na diski yake ikiwa salama. Tena kuihamisha ikiwa kazini hakuhitaji kunakili diski nzima. Lakini Ceph kwa kawaida hutunza nakala 3, na kila kinachoandikwa husafiri mtandaoni hadi nakala hizo zithibitishwe. Kwa faili za kache, au matokeo ya kati yanayoweza kukokotolewa tena, huko ni kulipia ulinzi usiohitajika. Diski ya NVMe iliyo ndani ya seva inafaa zaidi. Anayesema kwamba watumiaji hawasomi maonyo na wataweka hifadhidata humo humo ana hoja nzito, na mimi siipuuzi. Ila dawa yake ni kuwapa tangu mwanzo volyumu ya kudumu, ambayo katika OpenStack husimamiwa na Cinder, na hiyo ndiyo yenye haki ya kutunzwa kwa nakala 3.